Bibi akiogeshwa hupiga mayowe, nami nashindwa kunyamaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhudumu katika makao ya wazee hapa Mombasa. Wengi ninaowatunza wana maradhi ya kusahau, na kazi hii naipenda. Kinachoninyima usingizi ni saa ya kuoga.

Kuna bibi mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, mtu wa stara maisha yake yote. Siku hizi hatutambui. Kila asubuhi kwake sisi ni wageni. Wenzangu humwendea wawili wawili, mmoja amvue nguo, mwingine amwagie maji, huku wakipiga soga zao kana kwamba hayupo. Bibi hupiga mayowe na kuwakwaruza. Kwenye daftari wanaandika: “Mkali, hataki kuoga.” Ukali gani huo? Mwanamke aliyejisitiri miaka yote anavuliwa nguo na watu asiowajua, asipige mayowe?

Zamu ikiwa yangu, naingia peke yangu. Namwamkia, nachutama anione uso, namtajia jina langu, kisha namwachia atie mkono ndooni ahisi maji yana uvuguvugu. Namfunika leso mabegani hadi magotini. Naanza na miguu, napanda polepole nikimsafisha chini ya leso ileile, na kabla sijamgusa namwambia ninapokwenda. Kuna siku hukataa katakata. Basi namfuta uso na makwapa kwa kitambaa, namwacha hadi alasiri. Siku akiwa mtulivu hunipokonya kitambaa akajisugua mikono mwenyewe.

Lakini hayo yanataka muda, na sisi ni wachache. Wenzangu wanalalamika kwamba nawachelewesha, na msimamizi yuko upande wao. Si watu wabaya, Shangazi. Wamechoka, wala hakuna aliyewafunza namna ya kuishi na mgonjwa wa aina hii.

Juzi nimeona mkono wa bibi umevilia damu, alama za vidole zikionekana wazi. Bibi mwenyewe hawezi kueleza, na hata akieleza watasema ni maradhi. Mwanawe huja Ijumaa baada ya swala, na kila mara huniuliza mimi, “Mama anaendeleaje?”

Nimweleze nilichoona, au nianze na msimamizi? Na wenzangu niwaambie kwa maneno gani wakubali kujaribu leso na maji ya uvuguvugu, bila kuona nimewachongea? Ijumaa hii atakuja tena. Nijibu, tafadhali.

Mhudumu, Mombasa