Barua kutoka Derby

Derby, Uingereza

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini wewe, Mama na wote hapo nyumbani hamjambo. Mimi ni mzima na kazi zinaendelea vizuri. Uliniuliza kwenye simu kama mji huu ndio asili ya neno "dabi", ambalo wewe na Baba Mdogo hulitaja kila Simba na Yanga wanapokutana. Swali lako limenifurahisha sana, na kwa kuwa jibu lake lina mizunguko, nimeona nikuandikie.

Ni mji huu, na wenyeji hulitamka jina lake kama nyinyi, "Dabi", ingawa limeandikwa Derby. Waliuita hivyo watu kutoka Denmark walioutwaa katika karne ya 9. Kabla yao uliitwa Northworthy.

Hata hivyo, neno halikutoka mjini likaingia uwanjani moja kwa moja. Lilipitia kwa ukoo wa Stanley, uliopewa cheo cha ukabaila cha Earl wa Derby mwaka 1485, na ni Earl wa 12 ambaye jina lake lilipewa mbio za farasi zilizoanza mwaka 1780 huko Epsom, karibu na London, mbali kabisa na hapa. Mbio hizo zilivuma hata Wamarekani wakaanzisha za kwao Kentucky mwaka 1875 kwa jina hilohilo, na Waingereza wakazoea kuita shindano lolote kubwa dabi, kisha pambano la timu za mji mmoja. Wapo wanaodai kuwa chanzo ni mpira wa vurugu uliochezwa mitaani hapa kabla ya Kwaresima, parokia ya All Saints dhidi ya St Peter's, hadi ulipokomeshwa mwaka 1846. Ningependa iwe hivyo, lakini naona hoja ya farasi ina nguvu zaidi.

Jina hilo limefika hadi miguuni mwako. Vile viatu vyako vyeusi vya kazini, ambavyo vipande viwili vyenye matundu ya kamba vimeshonwa juu ya ngozi ya mbele na hivyo hufunguka wazi, mafundi wa Ulaya huviita derby. Wamarekani nao huliita hivyo kofia gumu la mviringo.

Kinachonigusa zaidi ni ile "dabi ya Kariakoo" yenu, kwani Kariakoo nayo ni Kiingereza kilichogeuzwa, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo Waafrika wengi walipoteza maisha.

Hapa dabi ni ya Derby County na Nottingham Forest, timu za miji jirani. Hugombea Kombe la Brian Clough, kocha aliyeipa Derby ubingwa wa ligi mwaka 1972 na Forest mwaka 1978, na barabara inayounganisha miji hiyo miwili imepewa jina lake.

Nisalimie Mama na Baba Mdogo.

Mwanao akupendaye