Barua ya wazi kwa Mjomba, fundi saa

Mjomba, shikamoo.

Juzi kwenye simu nilipokuambia kwamba usiku nasikiliza mihadhara ya saa mtandaoni, ulicheka ukaniuliza kama saa nazo siku hizi zinasomewa. Zinasomewa, Mjomba. Ipo mihadhara ya Horological Society of New York, chama cha mambo ya saa cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1866, na kila ninapoufungua mmoja naiona meza yako ya kioo pale barazani, nawe lenzi jichoni na saa ya mteja sikioni.

Nianze na sauti hiyo uliyokuwa ukiisikiliza. Utotoni nilidhani ni mlio wa magurudumu yakizunguka, kumbe ni mlio wa magurudumu yakizuiwa. Kamani, ile springi inayoiendesha saa, ikiachiwa huru hufunguka yote kwa mkupuo na akrabu zikazunguka kama feni. Ndiyo maana gurudumu la mwisho hukamatwa na kuachiwa, jino baada ya jino, na uma mdogo unaochezeshwa na gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko, na katika saa nyingi za mkono za zamani uma huo hugonga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde. Wewe hukuwa na haja ya hesabu hiyo. Ulisema tu, "Hii inachechemea," ukaifungua.

Lakini aliyeninyima usingizi ni John Harrison, seremala wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1693. Zama zake nahodha akiwa katikati ya bahari aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani, ila mashariki au magharibi hakujua, kwa kuwa alihitaji saa inayoshika bila kukosea majira ya bandari aliyotoka, ayalinganishe na majira ya jua pale alipo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Saa ikikosea dakika nne tu, chombo kilicho karibu na ikweta hudhaniwa kiko kilomita 111 hivi mbali na kilipo. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua jambo hilo, na saa za timazi, zile zenye uzito unaoning'inia na kubembea, hazikufaa kwa sababu ya mawimbi. Harrison aliunda mitambo mitatu mikubwa, kisha mwaka 1759 akamaliza ya nne, yenye umbo la saa ya mfukoni ila pana kama sentimita 13. Ilisafirishwa hadi Jamaika, na baada ya siku 81, ukiondoa kile kiasi cha kukosea kila siku kilichokwisha kujulikana, ilikuwa imechelewa sekunde tano hivi.

Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni saa zake za awali za mbao. Mafuta ya wakati ule yaliganda na kuisimamisha saa, basi sehemu zenye msuguano akazichonga kwa mti mgumu wa nchi za joto uitwao lignum vitae, ambao una mafuta yake wenyewe. Hapo nikaikumbuka siku niliyomimina mafuta ya cherehani ndani ya saa ya mteja, ukanichapa mkono, kisha ukanionyesha jinsi ya kuchukua tone kwa ncha ya sindano. Miaka yote hiyo nilidhani ulikuwa unabania mafuta.

Jambo moja silipendi katika mihadhara hii: wavumbuzi husifiwa na wanunuzi wa saa za bei kali husifiwa, lakini fundi aliyekosa kipuri akakichonga mwenyewe kwa tupa, ili mwalimu fulani awahi darasani kesho yake, sijasikia akitajwa hata mara moja.

Nitafika Desemba, Mungu akipenda. Ile saa ya Babu iliyosimama, nakuomba usiifungue kabla sijafika. Itie ufunguo kidogo nikiwepo, niisikilize mimi kwanza, kisha uniambie kama nimepatia.

Mpwa wako.