Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Semina mbili na vikao vinne vya kamati vilifanyika kama mlivyoarifiwa, sitavirudia. Niingie kwenye jambo linalonung'unikiwa tangu Machi: shilingi 1,900,000 zilizotengwa kwa sherehe ya mwaka tulizinunulia kingamwili ya Ki-67, dawa ya maabara inayotia rangi viini vya seli zilizo katika harakati za kugawanyika.

Hoja hiyo niliileta mimi, na bado ninaisimamia. Tuliletewa slaidi za mgonjwa ambaye hajawahi kuvuta sigara, mwenye uvimbe kwenye mrija mkubwa wa pafu. Seli zilikuwa zimepondeka, viini vimevutika kama nyuzi, kromatini (nyuzi za urithi ndani ya kiini) ni ile ya madoadoa kama chumvi na pilipili manga. Karibu meza nzima ilisema saratani ya seli ndogo, ile ya pafu inayokua kwa kasi. Niliomba tusubiri. Masalia ya sampuli iliyovutwa kwa sindano tukayatengenezea bloku ya parafini, yaani kipande cha nta kinachoweza kukatwa na kupakwa rangi. Kromogranini na sinaptofizini, vipimo vya seli za nyuroendokrini (zenye sifa za neva na za kutoa homoni), zilishika rangi, lakini hizo zinaweza kushika kwenye saratani ya seli ndogo na kwenye kasinoidi pia. Ki-67, tena ya kuazima, ndiyo iliyoamua: viini vilivyoshika rangi havikufika 5 kwa 100, ilhali kwenye seli ndogo huwa vinapita 80. Kumbe ni kasinoidi, uvimbe wa nyuroendokrini unaokua polepole, ambao tiba yake ya kwanza ni upasuaji. Jibu la awali lingetoka, mgonjwa angeanzishiwa kemotherapia isiyomhusu, na sahihi ingekuwa yetu.

Nimeambiwa pia kwamba sisi tunaosoma seli za sindano tunaingilia kazi ya histolojia, wenzetu wanaosoma vipande vya tishu. Si kweli. Tuliandika "uvimbe wa nyuroendokrini, unaelekea kasinoidi", tukaishia hapo. Kupambanua kasinoidi ya kawaida na isiyo ya kawaida kunahitaji uvimbe uliotolewa kwa upasuaji, zihesabiwe seli zinazogawanyika katika milimita 2 za mraba na itafutwe nekrosisi, yaani tishu iliyokufa. Zikiwa chini ya 2 na nekrosisi hakuna, ni ya kawaida. Zikiwa 2 hadi 10, au nekrosisi ikionekana, si ya kawaida. Hilo hakuna aliyelidai kwa sindano.

Mahudhurio yamenisikitisha sana. Kati ya wanachama 64, semina ya slaidi za mapafu ilipata 17, na wanaoilalamikia kingamwili wengi hawakuwamo. Ada ya shilingi 50,000 wamelipa 23 tu, tunadai 2,050,000. Zingelipwa, sherehe ingekuwapo na kingamwili ingekuwapo.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatarajia kuongeza INSM1, kingamwili nyingine ya kutambua seli za nyuroendokrini, na kuzungumza na wenzetu wa bronkoskopia (wanaoingiza kamera kwenye mirija ya mapafu) watuachie sampuli ya mchomo mmoja mzima wa sindano kwa ajili ya bloku.

Kichupa cha Ki-67 kipo kwenye friji ya maabara ya katibu. Mwenye sampuli yenye utata aje nayo, hata kama anadaiwa ada.