Waandishi walewale waliotusemea

Newcastle, Aprili 2025

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumapili ile, siku moja baada ya gwaride la klabu yetu, Newcastle United, la kushangilia Kombe la Ligi. Niliusikiliza mara mbili, nikanyamaza. Najua ulingoja jibu. Haikuwa dharau. Nilikuwa na mengi ya kukuambia ambayo simu haiyabebi, nikaona afadhali nikae nikuandikie kama zamani.

Ulikuwa na hasira, na nilikuelewa. Jana yake tulitoka Town Moor sauti zimekauka, jezi nyeusi na nyeupe kila unakotupa jicho, watu wazima na ndevu zao wanalia hadharani. Kulipokucha ukakuta gazetini mtu anauliza kombe lile limepatikana kwa fedha ya nani, maana klabu ilinunuliwa na Wasaudi mwaka 2021. Ukanitumia picha ya kichwa cha habari, kisha sauti yako: "Miaka yote tulipokuwa tunafungwa mbona hawakuja? Leo tumepata, ndio wanakumbuka haki za binadamu. Ni wivu tu." Ukafunga kwa kusema fadhila za punda ni mateke, na nilijua punda ni mimi, maana ulikwisha kuhisi kwamba sitakuwa upande wako.

Nianze na tunalokubaliana, usije ukadhani nimegeuka. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Tarehe 16 Machi, pale Trippier alipopiga kona na Dan Burn, mtoto wa Blyth ambaye klabu hii ilimwacha alipokuwa mdogo, akaupiga mpira kichwa kutoka mbali ukaenda moja kwa moja wavuni, dakika ya 45, ulinipigia simu. Hukusema neno, nami sikusema. Tulisikilizana tu tunavyohema, mpaka kipindi cha pili kikaanza. Isak akaweka la pili, Liverpool wakapata la kufutia machozi mwishoni, na kombe kubwa la kwanza la hapa Uingereza tangu 1955 likawa letu. Siku ile sikuiwaza Riyadh hata kidogo, na sioni aibu kukuambia hivyo.

Tena kuna jambo ambalo una haki nalo kabisa. Mwandishi anamkuta mtu nje ya uwanja, mtu aliyelipia tiketi kwa jasho lake, anamsogezea kipaza sauti mdomoni anamuuliza habari za vita vya Saudi Arabia huko Yemen. Kwa nini yeye? Hakuuza klabu, hakununua, wala hakuna aliyemwomba rai. Aliyeuza ni Mike Ashley, kwa pauni milioni 305 kama ilivyoripotiwa, na waliotoa ruhusa ni Ligi Kuu. Serikali ya Uingereza imewauzia Wasaudi silaha miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2022, siku nne tu baada ya Saudi Arabia kuwaua watu 81 kwa siku moja kwa hukumu ya kifo, waziri mkuu Boris Johnson alikuwa Riyadh akizungumzia mafuta. Papa wanapita, anayebanwa ni dagaa wa jukwaa la Gallowgate. Hapo tuko pamoja.

Lakini hebu jiulize, haya yote tumeyajuaje? Kwamba mwaka 2020 mwanamfalme wa Saudi Arabia, Mohammed bin Salman, alimtumia Johnson ujumbe kumtaka arekebishe msimamo wa Ligi Kuu, maana ununuzi ulikuwa umekwama, nani alituambia? Si Johnson. Si mwanamfalme. Ni waandishi hawahawa unaowaita wenye wivu.

Na Ashley je, umemsahau? Mimi siwezi. Alinunua klabu mwaka 2007, na mikononi mwake tukashuka daraja 2009, tukashuka tena 2016. Novemba 2011 akaubandika uwanja wa St James' Park jina la duka lake. Mashabiki tulipoandamana Oktoba 2013, magazeti ya hapa mjini, Chronicle, Journal na Sunday Sun, yaliyaandika maandamano yale kwa kirefu. Klabu ikayafungia mlango yote matatu: hakuna kuingia chumba cha waandishi, hakuna kumhoji kocha wala mchezaji. Unakumbuka ulivyofanya? Wiki ile ulinunua Chronicle kila siku. Wewe ambaye gazeti huligusi! Nilikuwa nayakuta kwako mezani yamekunjwa vilevile, hayajafunguliwa, na nilipokuuliza ukasema, "Siyasomi, nawaunga mkono." Ukasema gazeti linalomuudhi mwenye klabu ndilo gazeti letu.

Neno lile nimekaa nalo miaka yote hii, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Kilichobadilika ni mwenye klabu. Kazi ya mwandishi ni ileile.

Nirudi kwenye siku yenyewe Wasaudi walipoinunua klabu. Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2021, ulifika kwangu mbio, hukubisha hodi, ukaenda jikoni ukachomoa kitambaa changu cha kufutia vyombo, kile cha miraba ya bluu, ukakivaa kichwani kama Msaudi na kukifunga kwa kamba ya kiatu. Tukateremka hadi uwanjani. Maelfu walikuwa wamekwisha jaa pale nje, wanaimba, wanakumbatiana na wasiowajua. Nilicheka nawe, kwa sababu miaka 14 ya Ashley ilikuwa imeisha na mtu akitoka kifungoni hulaumiwi kwa anachovaa. Lakini pembeni yetu alisimama kijana aliyejifunika shuka jeupe akijifanya amevaa kanzu, wenzake wanampiga picha, wanaangua kicheko. Mimi na wewe tumelelewa nyumba ambazo Alhamisi kama ile kanzu hupigwa pasi kwa ajili ya Ijumaa. Nilikuona ukimtazama. Ukakivua kitambaa, ukakiweka mfukoni, ukaendelea kuimba. Hatukuwahi kulizungumza. Wiki mbili baadaye klabu ikawaomba mashabiki waache kuvaa vile, kisha ikageuka ikasema ruksa, na watu wengi wakashika habari ya mavazi kana kwamba ndiyo iliyokuwa habari.

Habari yenyewe ilikuwa ya Hatice Cengiz. Tarehe 2 Oktoba 2018 alimsindikiza mchumba wake, Jamal Khashoggi, hadi mlangoni pa ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul, akamngoja nje. Khashoggi hakutoka tena, aliuawa mle ndani. Alikuwa mwandishi wa habari, sahibu. Ripoti ya ujasusi ya Marekani iliyotolewa Februari 2021 ilisema mwanamfalme aliidhinisha operesheni ile, naye amekana kuiagiza. Mama huyu aliiomba Ligi Kuu isiruhusu ununuzi, na wewe ukamwita mchochezi. Ulisema kwa uchungu wa mtu anayeona mlango wa jela unafunguka halafu mtu anataka kuufunga. Nalijua hilo. Ila neno lenyewe limenikaa kooni mpaka leo, na sijapata kukuambia.

Halafu Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, Jumapili ya tarehe 13 Machi 2022. Wale watu 81 walikuwa wameuawa jana yake. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema 41 kati yao walikuwa Washia walioshiriki maandamano ya kuipinga serikali miaka ya 2011 na 2012. Nao Chelsea, siku tatu kabla, mali za mwenye klabu yao, Roman Abramovich, zilikuwa zimezuiwa na serikali ya Uingereza kwa sababu ya vita vya Ukraine. Havertz akatufunga dakika ya 89, tukainamisha vichwa. Mechi ilipokwisha kocha wetu Eddie Howe akaulizwa kuhusu vifo vile, akajibu kwamba atazungumzia mpira tu. Wewe ukachukua rimoti ukaizima sauti, ukasema, "Wamwache kocha wa watu."

Nami nilimwonea huruma Howe, kwa kweli. Waliopaswa kulijibu swali lile hawakukanyaga chumba kile. Ila rudi nyuma wiki moja tu. Pale Burnley, uwanja mzima unapiga makofi kwa ajili ya watu wa Ukraine, mashabiki wa Chelsea wakaimba jina la Abramovich, hadi kocha wao Tuchel akawaambia kwamba ule haukuwa wakati wake. Tuliitazama pamoja. Tuliguna pamoja. Ni wewe uliyesema kwamba makombe yamewatia watu wale upofu. Siku nane baadaye tukakaa kwenye kochi lilelile, swali likaja mlangoni kwetu, na mkono wako ukaenda kwenye rimoti.

Mwaka uliofuata likatokea jambo jingine ambalo hukutaka tulijadili. Ligi Kuu iliruhusu ununuzi kwa kusema imepata uhakika wa kisheria kwamba dola ya Saudi Arabia haitaiongoza klabu. PIF, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ulionunua asilimia 80, tukaambiwa, ni kitu mbali na serikali, ingawa mwenyekiti wake ni mwanamfalme huyohuyo. Basi siku chache baada ya Manchester United kutufunga 2-0 pale Wembley, Februari 2023, ikajulikana kwamba katika kesi ya gofu huko Marekani mawakili wa PIF wameandika mahakamani kwamba mfuko ule ni chombo cha dola, na kwamba Yasir Al-Rumayyan, mwenyekiti wa klabu yetu, ni waziri aliye madarakani. Kwetu si serikali, mahakamani ni serikali. Angekuwa Ashley ndiye kasema hivi huku na vile kule, tungechora mabango usiku kucha. Waandishi waliiandika. Sisi tulikuwa tunauguza fainali.

Siku za mechi, njiani kupanda kwenda uwanjani, huwa wanasimama mashabiki wenzetu wachache wanaopinga umiliki huu. Wamevaa jezi kama zetu. Wapo wanaowatukana, na mimi nilikuwa nawapita nimeinamisha macho. Msimu huu siku moja nilisimama nikazungumza na mmoja wao. Akanikumbusha Salma al-Shehab. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leeds, hapa jirani, mwendo wa treni saa moja na nusu hivi. Alikwenda kwao likizo, akakamatwa, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikampa miaka 34 jela kwa sababu ya alichoandika Twitter. Adhabu ilipunguzwa baadaye, na Februari 2025 akaachiwa. Mama wa watoto wawili.

Nikawaza tulivyoimba "Ashley toka" miaka ile yote. Tulimwita kila jina, tukaandika kwenye mabango, tukaandika kwenye simu, tukarudi nyumbani tukala tukalala. Hakuna aliyebisha mlango. Uhuru ule tulioutumia dhidi ya mwenye klabu hii ndio ambao wenye klabu ya sasa wanawafungia watu wao kwa kuutumia. Halafu sisi ndio tunataka mwandishi anyamaze. Hapo ndipo sikuwezi, sahibu, hata ukinipigia mara kumi.

Sikuambii uache kushangilia, mimi mwenyewe sijaacha. Burn akifunga tena nitaruka, Bruno akipiga pasi zile zake nitasimama. Kila mechi naweka kitu kwenye makopo ya mashabiki wanaochangia benki ya chakula pale nje, kama tulivyofanya tangu zamani, na nikiyatazama naona klabu ni ya watu hawa kwanza. Wamiliki wanakuja, wanauza, wanaondoka. Ninachokuomba ni kidogo: mtu akituuliza habari za Khashoggi, tusimjibu kwa kumtaja Liverpool au Manchester City. Maswali yao nao wana ya kwao, Manchester City walifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 na Ligi Kuu mwaka 2023. La kwetu ni letu. Tunaweza kusema, "Hatukumchagua mwenye klabu, na aliyofanya nchi yake ni maovu." Nimejaribu kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu nyumbani. Halikunipunguzia mapenzi ya timu hata chembe.

Ile makala uliyonitumia, uliniletea kichwa cha habari tu. Mimi nililitafuta gazeti nikaisoma yote. Kuna aya mbili katikati zinazoeleza furaha ya gwaride vizuri kuliko nilivyoeleza mimi hapa juu. Inaonekana mwandishi alikuwapo, alisimama kwenye umati. Nimeikata na kuiweka ndani ya bahasha hii. Isome hadi mwisho, kisha unitukane ukitaka, lakini kwa simu ya kawaida, nisikie na pumzi zako.

Ukija kwa mechi ijayo ya nyumbani, fikia kwangu. Godoro lipo. Kile kitambaa cha miraba ya bluu ulinirudishia usiku uleule, na kamba yako ya kiatu ilikuwa bado imefungwa juu yake. Kamba nimekuwekea kwenye droo ya jikoni.

Ni mimi,
jirani yako wa Gallowgate