Darubini Zifike Shule za Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kwa nini niliacha utafiti wa fizikia ya anga, uliohusu nyota zinazobadilika mwangaza, nikaanza kuzunguka na darubini katika shule za Iringa na Mbeya. Baadhi ya wenzangu waliona nimejishusha, ingawa kwangu kazi imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa darasa la sita hakubali jibu linalojificha nyuma ya hesabu.

Ukimwonyesha miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita), ile ile aliyoiona mwanaastronomia Galileo mwaka 1610, huuliza mara moja kwa nini jana ilikuwa upande mwingine, na hapo somo la mzunguko limeshaanza lenyewe. Tena tuna Kimondo cha Mbozi, chuma chenye nikeli kinachozidi tani 10, ambacho wengi hukizuru kwa ajili ya picha tu (nao hawana kosa, kama hakuna wa kuwaeleza).

Nawaomba maofisa elimu watenge angalau usiku mmoja kila muhula, hasa wakati wa kiangazi mawingu yanapopungua, na darubini ndogo ziazimwe baina ya shule.

Mwalimu wa anga,
Iringa