Barua kwa Kaka Elinami kuhusu maneno ya kaburi la Baba

Toronto, 14 Januari

Kaka Elinami,

Shikamoo. Nisalimie Mama, shemeji na watoto wote. Barua yako nimeipata pamoja na hesabu ya marumaru. Fedha zote nitazituma Ijumaa, na sitaki kusikia kwamba Ndeshi ameambiwa achangie, kwa kuwa mzigo alioubeba wakati wa kumuuguza Baba unamtosha. Lakini kabla fundi hajachonga hata herufi moja, naomba mnisikilize.

Baba Mdogo anataka iandikwe "Meja", eti tukiandika "Kapteni" Machame nzima itasema Baba alishushwa cheo. Maneno haya ni ya tangu mwaka ule alioacha jeshi na kuingia Shirika la Ndege. Unakumbuka wazee wa kilabuni walivyompa pole, wakamnunulia mbege wakidhani ameadhibiwa, naye akainywa yote bila kuwasahihisha? Jeshini kapteni yuko chini ya meja, lakini ndani ya ndege ya abiria hakuna aliye juu ya kapteni, na ile mistari minne ya dhahabu begani aliitafuta upya, akianzia kiti cha kulia cha rubani msaidizi, chini ya vijana aliowazidi umri.

Simaanishi kwamba ujeshi wake ni kitu kidogo. Alifundishwa na Wakanada waliokuja kuanzisha kikosi chetu cha anga miaka ya 1960, akarusha Caribou, ndege ya kubeba askari 32 na kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 alipeleka vijana Mwanza na kurudi na majeruhi, na habari za safari hizo hakutusimulia hata siku moja. Caribou zile ziliundwa Downsview, hapa hapa Toronto, na treni ninayopanda kwenda kazini hupita chini ya eneo lile. Kila nikipita nasema moyoni, shikamoo Baba.

Ila mimi nilimfahamu akiwa kapteni. Nilikuwa na miaka tisa aliponichukua kwenye Fokker kutoka Dar es Salaam. Alitangaza kwa sauti ile ya kusoma matangazo ya ndoa kanisani kwamba walio upande wa kulia wataiona Kibo, na abiria wote wakainamia kulia, hata yule mama aliyekuwa akisali macho yamefumbwa. Tulipotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hakuondoka na wenzake. Aliizunguka ndege polepole, akafika kwenye gurudumu, akaligusa kwa mgongo wa mkono, kama Mama anavyompima mtoto homa.

Sasa nikwambie jambo la kujivunia, na Baba Mdogo umsomee kwa sauti: mwezi wa Novemba nimepata leseni ya ufundi wa ndege. Ndege ikitoka matengenezo hairuki mpaka nitie saini yangu, jina la ukoo likiwa limeandikwa kwa ukamilifu. Miaka ya kufagia maghala usiku haina haja ya kuelezwa. Gurudumu ninaligusa kwa mgongo wa mkono, ingawa kitabu cha kazi hakisemi hivyo.

Kuhusu maneno ya kaburi, Mama anataka "Kapteni", na Mama ndiye aliyepiga pasi yale mashati meupe usiku wa manane kwa pasi ya mkaa, basi neno lake litangulie. Umeja uandikwe mstari wa chini, Baba Mdogo atulie. Na kile kitabu cha saa zake za kuruka, alichokichukua siku ya matanga ili awaonyeshe watu wa usharika, akirudishe kwenye sanduku la bati la Mama kabla marumaru haijawekwa. Hilo ndilo sharti langu pekee.

Saa yake ya mkononi ninayo mimi, bado inafuata majira ya Greenwich kama alivyoiacha. Nikiitazama huongeza saa tatu nijue mko wapi: ni saa saba mchana, mmeketi kula, na kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, theluji imeziba mlango. Siku ya mazishi niliitazama hivyo hivyo kutwa nzima, kwa kuwa sikuwapo kumtupia udongo.

Nimeomba likizo ya Desemba. Nitapitia Dar es Salaam, na nimeshamwambia wakala wa tiketi kwamba nataka dirisha la kulia.

Mdogo wako,
Ndelilio