Risala ya Kikundi cha Wauza Ndizi, Mboga na Mitumba wa Moshi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Mzunguko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Mwenyekiti wa Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wetu wa dini,
Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleykum.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana Moshi. Kikundi chetu ni cha hisa na kukopeshana. Tunakutana kila Jumamosi jioni tukishafunga meza, na sanduku letu lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao hawalali nyumba moja. Leo tunavunja mzunguko, kila mwenye hisa atapokea gawio lake mbele ya macho ya wenzake. Mengine ya kikundi yamo kwenye taarifa ya Mweka Hazina, nisikuchoshe.

Risala za vikundi kama chetu tunazijua: shukrani nusu ukurasa, maombi ukurasa mzima, turubai, viti, na mashine ya kukamulia juisi. Safari hii wanachama walikataa. Walisema tumempata mtu anayekaa ukumbini Dodoma bajeti inapopitishwa, basi tumweleze nchi tunavyoiona kutokea mezani kwetu sokoni. Tulikaa, tukabishana sana. Pale tuliposhindwa kukubaliana nitasoma hivyohivyo, pande zote mbili.

Tuanze na mkungu wa ndizi. Mheshimiwa, hakuna mwanachama hapa mwenye gari, lakini Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei za mafuta, sisi ndio wa kwanza kutega sikio. Dizeli ikipanda Jumatano, Alhamisi alfajiri mwenye Fuso anayeteremsha ndizi kutoka Rombo na Marangu tayari ana bei mpya ya kubeba mzigo. Ikishuka, habari hiyo haimfikii mapema. Sisi naye hatugombani, maana kesho tunamhitaji.

Ndani ya bei ya lita kuna ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara. Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwa kweli wengi wetu hatukupinga. Masika yakikolea, Fuso ikinasa kwenye tope huko juu milimani, ndizi zinaiva njiani na hasara ni yetu. Lakini mwanachama wetu anayefuata mzigo Kibosho amenituma nikuulize shilingi 100 yake iliteremkia barabara gani. Hasemi imeliwa. Anasema hajaona kibao wala tangazo linalomwambia: kipande hiki, kuanzia hapa hadi pale, ni cha ile shilingi yako.

Bei hiyo ikitufikia, hatuwezi kuisukuma yote kwa mteja. Wateja wetu ni walimu, manesi, mafundi, mama lishe, bodaboda. Mfuko wao haupandi siku ya Jumatano. Kwa hiyo tunapunguza fungu. Nyanya zilizokuwa tano zinakuwa nne, ndizi za mtori zinachanganywa na zile ndogo za mwisho wa mkungu. Mteja anaona, na sisi tunaona kwamba ameona, ila hakuna anayesema.

Tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mfumuko wa bei nchini ni kama asilimia 3. Kuna wanachama walisema huo ni uongo. Kijana wetu wa mitumba, aliyefika kidato cha sita, aliwatuliza akawaeleza kwamba hesabu ile inajumlisha vitu vingi, hadi samani na huduma za hoteli, na inachukua nchi nzima. Mtu ambaye karibu kipato chake chote kinaishia kwenye unga, mafuta ya kula, sukari na mkaa anaishi kwenye hesabu nyingine. Mfano ni sukari mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño ziliharibu uvunaji wa miwa viwandani, bei ya kilo ikavuka shilingi 4,000, na sisi huku tukienda upande wa TPC, kiwanda cha sukari, tunapita katikati ya miwa. Mama lishe hakuweza kumwambia mteja wa chai kwamba wastani wa taifa uko vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lipo neno linalotuuma kidogo. Mara nyingi tunaambiwa sisi wadogo hatulipi kodi, kwa hiyo matumizi ya serikali hayatuhusu. Ni kweli mboga mbichi hazina VAT. Lakini sabuni tunayonunua ina asilimia 18, vocha ya simu ina VAT na ushuru wa bidhaa juu yake, sokoni tunalipa ushuru kila siku, na Desemba 2018 vilipokuja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo tulipanga foleni na shilingi 20,000 mkononi. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Wakati ule baadhi yetu tulirudi kwenye ule mtindo wa zamani wa kumpa kondakta wa basi bahasha ampelekee mtoto shuleni.

Watu walinung'unika nchi nzima. Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Tunaliandika hili kwa shukrani, kwa sababu linaonyesha kwamba manung'uniko ya sokoni yanafika. Na hapa ndipo tulipobishana kwa mara ya kwanza. Mama mmoja alisimama akasema mjukuu wake alizaliwa kwenye kituo cha afya ambacho serikali ilisema kimejengwa kwa fedha za tozo, naye tozo yake ameisamehe. Mwingine akamjibu kwamba kituo ni kizuri ila dawa wanaandikiwa wakanunue nje. Wote wawili wapo hapa, ukitaka ushahidi.

Kijana wa mitumba, tukiwa bado tunazozana, alichukua simu akapiga hesabu. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Ukigawanya, kila Mtanzania, hata mtoto aliyezaliwa jana, anafikiwa na kama shilingi laki nane kwa mwaka. Ukumbi ulinyamaza. Kuna waliosema kumbe nchi ina hela, na kuna waliosema kumbe nchi ni maskini hivi, laki nane kwa mwaka kwa kila kitu, jeshi, shule, hospitali, barabara na madeni? Hesabu ni ileile, na mimi Katibu nilikuwa upande wa pili.

Halafu akaendelea. Katika hizo trilioni, 34.59 zilikuwa za matumizi ya kawaida na 14.76 za maendeleo. Yaani kila shilingi 100, kama 70 zinakwenda kwenye mishahara, madeni na kuendesha ofisi, na 30 zinajenga. Mishahara ya walimu na manesi hakuna aliyeigusa, hao ndio wanunuzi wetu. Deni tunalielewa, nasi ni wakopaji, anayedaiwa hupeleka marejesho. Yaliyotuchoma ni magari makubwa, safari, posho na semina za hotelini. Hata hapo hatukupata kauli moja, maana kuna mwenzetu anayepeleka mboga kwenye hoteli, na anasema semina zikifutwa zote atafuta na meza yake. Tulicheka, lakini hoja yake tumeiandika.

Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilisimamishwa, fedha zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge kule Dar es Salaam. Mwaka 2022 ikawa tena, shilingi milioni 960 za sherehe zikaelekezwa kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Mara zote mbili sokoni tulipiga makofi. Sasa tunauliza, mbona kubana matumizi kunakuwa tukio la kutangazwa redioni, mwaka huu kupo, mwaka ule hakupo? Wenzetu wa Arusha wanajengewa uwanja pale Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, wa kuchukua watu 30,000. Vijana wetu wanautaka sana na wanahesabu wageni watakaokula ndizi choma. Akina mama waliuliza nani atalipia umeme na maji ya uwanja huo baada ya mashindano. Jibu hatunalo, ila tungependa liwepo mahali fulani kwenye karatasi.

Bibi yetu mkubwa kikundini, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na mwanachama wa chama cha msingi chini ya KNCU, chama kikuu kilichoundwa hapa 1933, anawaona vijana wanalia mapema. Yeye anakumbuka vyama vya ushirika vilivyofutwa 1976 hadi sheria ya 1982 iliporudisha. Anakumbuka 1983, msako wa wahujumu uchumi, watu wakitupa bidhaa vichakani usiku. Anasema zamani pesa ilikuwepo na sabuni haipo, leo sabuni ipo na pesa haipo, na yeye akipewa achague atachagua leo. Vijana hawakumpigia makofi. Mmoja alimwambia kwa heshima zote, "Bibi, wewe ulikuwa na kihamba, shamba la ukoo, mimi nimepanga chumba Pasua."

Mheshimiwa, jambo lililotuumiza karibu kabisa ni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi hewa vilionekana. Sababu tuliielewa. Lakini hadi iliporudi mwaka wa fedha 2024/25, biashara haikusitishwa. Wenzetu walikwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kali. Mmoja alichukuliwa friji na godoro mbele ya watoto, na bado deni halikuisha. Aliyekopa akatoroka na aliyekuwa akirejesha kila mwezi walifungiwa mlango mmoja.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Majina ya vikundi vinavyopata mkopo, kiasi walichopata na walichokwisha kurejesha yabandikwe kwenye ofisi ya kata. Sisi tutakuwa wa kwanza kubandikwa. Pili, taarifa ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hufika Bungeni kila mwaka kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, redio zinaisema wiki mbili, kisha mjadala wa Bunge unakuja miezi kadhaa baadaye tukiwa tumesahau. Tunaomba ile sehemu inayohusu halmashauri yetu isomwe kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili cha kawaida, na mtu wa kujibu maswali awepo. Siku ya Jumapili mchana ingefaa, kwani Jumamosi ni siku ya soko. Tatu, kibao cha barabara ya Kibosho, mwenye ombi lake anakutazama.

Mashine ya juisi hatujaiomba, ingawa Mwenyekiti alitaka sana iwemo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wenye funguo watatu watapita mbele kufungua sanduku, nawe tunakuomba usimame nao uhesabu fungu la kwanza. Mtori uko tayari na nyama ipo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama
Moshi, Kilimanjaro